Hesabu ya Kihamba

Baba alikuwa karani wa ushirika, Uru,
akipima kahawa kwa mizani isiyomwonea mtu haya.
Alipostaafu alirudi na daftari moja tupu,
akaligawa kwa rula: huku Kilichotoka,
kule Kilichorudi.
Nilidhani ni fedha.

Machi tatu. Ndizi, mikungu saba, soko la Mbuyuni.
Wino wa bluu. Kisha pembeni, kwa penseli:
pamoja na chumvi ya udongo wake,
pamoja na mvua ya miezi tisa.
Mvua! Nani alimlipa?

Kilichorudi: majani, mzigo mmoja.
Mama kayabeba kutoka tambarare, kichwani,
jua likimfuata kisogoni hadi kizingitini.
Akala Sitaki. (Ndiye ng'ombe wetu. Jina tu;
hakuna alichowahi kukataa: maganda, vigogo vya mgomba,
siku moja kofia ya mchungaji.)
Usiku kucha aliicheua ile nyika,
asubuhi ikawa samadi, inafuka kwenye baridi,
nami nikaisomba kwa karai, huku nanung'unika,
hadi kwenye shina,
nisijue kwamba naijaza safu ya kulia.

Kahawa, magunia manne.
Kilichorudi: hapo hakuandika kitu.
Mwaka huo, na uliofuata, na uliofuata.
Penseli imegusa karatasi, ikaacha nukta, ikaondoka.

Sasa daftari ni langu. Zamu ya maji pia:
Alhamisi, saa nane usiku, mfongo wa juu.
Natembea na tochi na jembe,
nazibua majani ya mringaringa yaliyolala njiani.
Tope silitupi. Magimbi yanalisubiri.
Wageni wakifika huulizia barafu tu,
shingo zimepinda kuelekea kileleni.
Sisi mfereji wetu hunywa msitu:
ukungu ukapita, miti yenye ndevu ikaunasa,
tone likaangukia kuvu, likazama kwenye mboji,
likakaa gizani bila haraka
hata likasahau kwamba liliwahi kuruka.

Yanafika. Yanang'ata vidole vya miguu.
Mengine yatapanda ndani ya mgomba
na alfajiri yataning'inia ncha ya jani,
jasho la mtu aliyefanya kazi usingizini.
Mengine yatanikwepa, yataingia Rau,
yatafua mashuka ya Moshi mjini,
yatapokea sabuni na mengine nisiyoyataja,
yatafika Mabogini yamechoka, yamenenepa,
na mpunga utayanywa ukiwa umesimama.
Kisha jua la kule chini, lile lisilojua adabu,
litayavua yote waliyovishwa na watu,
na upepo wa adhuhuri utayasukuma tena huku,
meupe, mepesi, kama hayakutenda lolote.

Siku tuliyomzika baba tulipika wali wa Mabogini.
Nilikula sahani nzima, nikaongeza,
shangazi Ndeamtsa akinitazama vibaya.
Ningemwelezaje? Kila punje
ilikuwa na maji niliyowahi kuyafungulia njia.

Tulimlaza kihambani, chini ya migomba ya mshare,
hatua nane kutoka pale bibi alipofukia kitovu chake.
Julai hii mgomba wa karibu naye
umetoa mkungu mzito, ikabidi tuuegemeze kwa nguzo mbili.
Watoto wamekula. Maganda kala Sitaki.
Nilikaa na daftari, penseli mkononi,
nikaandika: Baba.
Nikakosa safu.

Saa kumi. Kwa ng'ambo Lyaruu anapiga mluzi,
zamu yake imeanza na hana subira, hajawahi kuwa nayo.
Nabomoa kizuizi cha udongo kwa jembe.
Maji yanasita kidogo, kama yananikumbuka,
kisha yanageuka, yanaingia kwake.